Kinga ya meno ya mtoto huanza na jino la kwanza

Wazazi wengi hudhani kuwa meno ya utotoni hayahitaji matunzo kwa sababu yatang’oka yenyewe. Dhana hiyo huwaletea watoto maumivu, majipu ya fizi na kung’olewa meno kabla ya wakati.

Meno hayo, ambayo jumla yake ni 20, huanza kuota mtoto afikishapo miezi sita hivi na hukamilika akikaribia miaka mitatu. Magego yake hudumu hadi umri wa miaka 10 hadi 12. Mbali na kutafuna, huyatunzia nafasi meno ya ukubwani. Yakitolewa mapema, meno ya jirani husogea na yale ya kudumu huweza kuota yamebanana.

Jino huoza pale bakteria wa kinywani wanapogeuza sukari kuwa tindikali, ambayo huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje ya jino. Mate hupunguza makali ya tindikali hiyo, lakini mtoto akilala mate nayo hupungua. Ndiyo maana ni hatari kumlaza mtoto na chupa ya maziwa, juisi, chai ya sukari au uji mtamu. Meno ya mbele ya juu huathirika kwanza; ya chini hukingwa na ulimi na mate.

Dalili ya awali ni mabaka meupe yasiyong’aa karibu na fizi. Katika hatua hiyo uharibifu huweza kusimamishwa. Tundu likishatokea, haliponi lenyewe.

Ili kumkinga mtoto, mzazi anashauriwa:

- Kufuta fizi za mtoto kwa kitambaa safi chenye maji kabla meno hayajaota.

- Kusafisha meno kwa mswaki laini mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa yenye madini ya floraidi: kiasi cha punje ya mchele hadi miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya njegere hadi miaka sita.

- Kutompa mtoto aliyeanza kula kinywaji chochote cha sukari baada ya mswaki wa usiku. Akiona kiu, apewe maji.

- Kumsimamia apigapo mswaki hadi miaka saba au minane.

- Kumpeleka kwa daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata kama haumwi.