Wasiokuwamo Katika Orodha Zetu



Katika kijitabu cha maadhimisho kama hiki, desturi yetu ni kuwataja waliotoa: aliyetoa kiwanja, aliyeleta saruji, aliyenunua kengele. Ni desturi njema. Hata hivyo, safari hii tumeona ni haki kuwakumbuka watu wasiokuwamo katika orodha hizo, nao ni wanamuziki waliotufanya tuione Korogwe na Handeni kuwa kwetu.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkonge ulikuwa umetangulia: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipanda karibu na Pangani miche 62 iliyosalimika kati ya 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, Marekani. Mashamba yalipoenea, wafanyakazi walitoka Unyamwezi, Uha, Umakonde na kwingineko. Wazee wetu walitoka Gujarat wakafungua maduka. Wote walikuwa wageni wa Wazigua na Wasambaa, na wengi wao walihesabu siku za kurudi makwao.

Muziki ulisaidia sana kuwageuza wageni hao kuwa watu wa mahali pamoja. Bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga, iliyovuma miaka ya 1960, awali iliitwa Young Nyamwezi. Majina hayo mawili yanatosha kusimulia safari ya watu walioanza kwa kukumbuka walikotoka, wakaishia kuimba kwa jina la nchi nzima. Humo walipitia ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, ambao baadaye walihamia Arusha, kisha Kenya, walikoanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Sauti zao ziliporudi kwetu kwa redio, wateja dukani walisema, "Hawa ni watoto wa Tanga." Nasi tuliokuwa nyuma ya meza tulijivuna pamoja nao.

Tulikuwa na sababu nyingine ya kujiona tumo. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na wasifu wake ukaandikwa na Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga. Baadaye waimbaji wa taarabu walichukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi wakazitia maneno ya Kiswahili, na Juma Bhalo alisifika kwa kazi hiyo pwani nzima. Hivyo tuliweza kusikia sauti walizoimba mama zetu jikoni zikitoka kinywani mwa jirani, kwa lugha ya jirani.

Tunakumbuka usiku mmoja wa Navaratri, tulipokuwa vijana. Mpiga ngoma wetu aliugua, na wanawake walikwisha kujipanga kwa ajili ya garba. Kijana mmoja wa shamba la mkonge, aliyezoea kusimama nje ya ua kila mwaka akisikiliza, aliomba ajaribu. Alipiga mpaka alfajiri bila kukosea mapigo. Wazee walimpa peremende na fedha kidogo, wakamshukuru.

Hivi karibuni tulifungua daftari la mwaka ule. Limeandikwa kilo za sukari, debe za samli, hata bei ya kamba za kufungia taa. Jina la kijana yule halimo. Sisi watu wa biashara, ambao hatupotezi hesabu ya senti, tulipoteza jina la mtu aliyeuokoa usiku wetu mtakatifu.

Leo watoto wetu wengi wako Dar es Salaam na ng'ambo, nasi tuliobaki ni wachache. Wakituuliza kwa nini hatuondoki, tutawajibu kwa kuwasimulia usiku ule.

Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki tumeuacha wazi. Majirani mnaowakumbuka wapiga gitaa, waimbaji na wapiga ngoma wa Korogwe na Handeni, tafadhali tuleteeni majina yao. Tutayaandika kwa wino uleule tuliowaandikia wafadhili.