Daftari la Joto na Chumvi ya Bahari

Msomaji aweza kushangaa kuona historia ya bahari ikianzia Kifungilo, katika milima ya Usambara, mahali penye ukungu mwingi na pasipo hata ngalawa moja. Walakini mlima na bahari ni ndugu waliotengana makao tu. Upepo utokao Bahari ya Hindi huja na unyevu. Ukikutana na Usambara hupanda, hupoa, na kumwaga mvua. Sehemu ya mvua hiyo hushuka kwa mito ya Mkomazi na Lwengera, huingia mto Pangani, na kuyapunguzia chumvi maji ya mlangoni mwake. Mto ukipungua, maji ya bahari hupanda nao na kuwafikia wenye minazi. Kwa hiyo joto na chumvi ya bahari ni mambo ya mkulima wa Lushoto kama yalivyo ya mvuvi wa pwani. Swali la historia ni hili: ni nani aliyeyaandika, na kwa muda gani?

Manahodha wa kale walizijua nyakati za kusi na kaskazi, wakasafiri kwazo karne nyingi. Maarifa yao yalikuwa ya kweli, ila hayakuwekwa kwa tarakimu. Milimani, Wajerumani walianzisha chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo huko Amani mwaka 1902, na mvua ikapimwa. Bahari ilingoja zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki liliwekwa Unguja, na mwaka 1957 B. S. Newell alichapisha uchunguzi wa awali wa maji ya pwani yetu. Twajua leo kwamba maji ya juu hukaribia digrii 29 za sentigredi mwezi wa Machi, hushuka hata kiasi cha 25 mwezi wa Agosti. Na chumvi yake, iliyo karibu gramu 35 katika kila kilo ya maji, hupungua baada ya masika.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika lile likavunjika nayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari Unguja mwaka 1978. Kenya nayo ikaanzisha ya kwake mwaka 1979. Majengo hurithiwa, lakini siku isiyopimwa hairithiwi wala hainunuliki.

Palipokosa karani, matumbawe yalishika kalamu. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, na kadiri ya aina za oksijeni zilizomo katika kila tabaka hueleza joto la maji ya wakati wake. Mwaka 2000 wataalamu walitangaza habari za tumbawe la Malindi lililohifadhi kumbukumbu za miaka 194, tangu 1801 hata 1994. Huyu ni shahidi mwaminifu. Lakini naye hufa. Mwaka 1998, El Niño ilipozidisha joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka, na mengi yakafa.

Hapa ndipo thamani ya daftari huonekana. Kipimo kimoja ni habari. Vipimo vya miaka mingi ni ushahidi. Asingeweza mtu kusema kwamba joto la 1998 lilipita kiasi kama hakuna aliyepima miaka ya kawaida, ambayo haikuwa na jambo la kusimulia. Satelaiti huangalia joto la uso wa bahari tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Lakini katika kupima chumvi, ukaribu wa nchi kavu huzitatiza, hivyo pwani bado yamhitaji mtu wa kuteka maji na kuyapima. Wanawake wa Unguja walimao mwani, ambao huharibika maji yakizidi joto, wana haki ya kuuliza kama mwaka huu ni ajali au ni desturi mpya. Jibu lao limo katika kazi ya watu waliopima bila kukoma, wakijua kwamba faida itawafikia wengine. Taifa lisilolipa ujira wa kazi hiyo leo litaulizwa kesho, nalo halitakuwa na la kujibu.