Fahamu: Darubini ya bunduki ya shabaha inavyochaguliwa na kufungwa

Ukitazama video za mashindano ya shabaha ya mbali, watu wamelala kifudifudi, jicho kwenye darubini, ni rahisi kudhani darubini ndiyo inafanya kazi yote. Wapi! Darubini ya mamilioni iliyofungwa ovyo inaweza kukuangusha kuliko ya bei ya kawaida iliyofungwa vizuri.

Chukua mchezo wa F-Class. Ulianzia Canada kwa George Farquharson, mpiga shabaha aliyekuwa anazeeka na macho yakimsumbua, akataka aruhusiwe kutumia darubini na kuegemeza bunduki. Herufi F imetoka kwenye jina lake. Kwenye uwanja wa Bisley, Uingereza, wanapiga hadi yadi 1,000, yaani mita 914. Duara la alama za juu huko lina kipenyo cha sentimita 25 hivi. Sahani ya wali tu.

Kwenye daraja la F/TR, bunduki, darubini na miguu yake ya mbele kwa pamoja havitakiwi kuzidi kilo 8.25. Kwa hiyo kila gramu ya darubini inakula uzito ambao ungeuweka kwenye mtutu.

Ukuzaji je? Wengi hukimbilia namba kubwa. Lakini gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 52 kwenye ukuzaji wa mara 55 inakupa chini ya milimita 1, picha inafifia. Juu ya hapo, jua likiwaka unakuza na mazigazi pia, shabaha inacheza kama iko ndani ya maji. Ndiyo maana wazoefu hupunguza ukuzaji mchana.

Cha kukagua zaidi ni vifundo vya kurekebishia. Kama vimepimwa kwa miliradiani, "tiki" moja ya 0.1 inasogeza pigo sentimita 1 kwa mita 100, na sentimita 9 hivi kwenye yadi 1,000. Tiki ikidanganya, umeumia. Hakikisha pia kuna kifundo cha paralaksi: ukisogeza kichwa kidogo, msalaba haupaswi kutembea juu ya shabaha.

Kufunga sasa

Kwanza toa magazini, vuta bolti, angalia chemba kwa macho na uguse kwa kidole. Hakuna risasi? Endelea.

Reli inafungwa juu ya bunduki, na pete mbili zinashika darubini kwenye reli. Pete lazima zilingane na bomba: milimita 25.4, 30 au 34. Kwa umbali mrefu wengi huchagua reli iliyoinama mbele kidogo, dakika 20 za nyuzi. Hiyo pekee inakupa sentimita 58 za kupanda kwa kila mita 100, kabla hujagusa kifundo.

Safisha mafuta kwenye skrubu na mashimo. Sukuma pete mbele kwenye mfereji wa reli kabla ya kukaza, maana bunduki ikirudi nyuma darubini hubaki inataka kwenda mbele.

Halafu lala kama utakavyopiga, ukuzaji ukiwa juu kabisa. Fumba macho, weka shavu, fumbua. Ukiona kivuli pembeni, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka kiishe. Usipime umekaa mezani, kwa sababu ukilala jicho linasogea karibu zaidi, na bunduki ikirudi nyuma ukingo wa darubini unakuchana juu ya nyusi. Hilo si hadithi, wapo wenye kovu.

Sehemu inayopuuzwa sana ni kunyoosha msalaba. Kwa .308 kwenye yadi 1,000, unapandisha takriban mita 9. Msalaba ukiwa umelala nyuzi 1 tu pembeni unapofyatua, pigo linahama sentimita 15 na ushee, nje ya ile sahani. Fanya kama fundi mwashi: ning'iniza timazi mbali kidogo, bunduki iwe imesimama kwa pima maji, kisha zungusha darubini mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi.

Kaza skrubu za pete kwa zamu, kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo. Watengenezaji wengi wa darubini hutaja nyutoni-mita 2 hivi. Fuata karatasi ya kwako. Ukizidisha, bomba linabonyea.

Uzuri wa bunduki ya bolti ni kwamba unaweza kuitoa bolti yenyewe na kuchungulia shabaha kupitia mtutu, kisha ukaleta msalaba palepale. Inaokoa risasi.

Uwanjani, piga 3 hadi 5 kwa mita 100, pima kutoka katikati ya kundi la matundu. Limeshuka sentimita 4 na kwenda kulia 2? Tiki 4 juu, 2 kushoto. Piga kundi lingine, na kabla ya kurudi nyumbani pitia skrubu zote tena kwa ile spana.