Waliojua Wakanyamaza: Historia ya Vita ya Spoila Kwenye Game of Thrones

Tahadhari kabla hatujaanza: hapa hakuna spoila. Hakuna mhusika atakayetajwa jina, hakuna atakayesemwa kafa au kapona. Hata kama ndo kwanza uko msimu wa 1, soma kwa amani.

Haya, twende Marekani, Jumapili usiku ya tarehe 2 Juni 2013. Sebule nyingi zimejaa watu, macho yote kwenye TV. Inaonyeshwa Game of Thrones, msimu wa 3, sehemu ya 9. Ila kwenye baadhi ya sebule hizo kuna mtu mmoja ambaye haangalii TV kabisa. Ameshika simu, kamera inarekodi, na ameielekeza kwenye nyuso za wenzake waliokaa kwenye kochi. Anajua kinachokuja dakika chache mbele, na amelijua hilo kwa miaka mingi. Hajamwambia mtu.

Kisha kikaja. Watu wakapiga kelele. Wengine wakaziba midomo, wengine wakasimama wakatoka sebuleni, wengine wakaanza kulia kama wamepigiwa simu ya msiba. Siku hiyo hiyo video zikaanza kumwagika YouTube, na dunia ikawa inaangalia watu wanaoangalia tamthilia. Walioiona sehemu hiyo wanajua inaongelewa nini. Ambao hamjaiona, mtaijua mkifika.

Watu wengi wanazikumbuka zile nyuso za kwenye kochi. Mshika simu ndiye aliyesahaulika, na historia hii ni yake zaidi. Aliwezaje kukaa na siri kama ile muda wote huo?

SIRI ILIYOKUWA INAUZWA DUKANI

Ukweli ni kwamba haikuwa siri. Ilikuwa kwenye kitabu, na kitabu kilikuwa dukani.

Mwandishi George R. R. Martin, ambaye miaka ya 1980 alikuwa akiandikia televisheni, alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wake mwaka 1996. Cha pili kikatoka 1998, cha tatu 2000, cha nne 2005. Lile tukio la msimu wa 3 limo kwenye kitabu cha tatu. Martin mwenyewe alishasema sura hiyo ilimtesa kuiandika mpaka akairuka, akamaliza kitabu kizima kwanza, ndipo akarudi kuikabili.

Kwa hiyo piga hesabu. Kuanzia 2000 mpaka 2013 ni miaka 13. Miaka yote hiyo mtu yeyote mwenye hela ya kitabu angeweza kujua. Wasomaji waliojua walikuwa mamilioni, wametapakaa nchi mbalimbali, hawajuani, hawana kiongozi na hawakusaini mkataba wowote.

Na bado, tamthilia ilipoanza kurushwa na HBO tarehe 17 Aprili 2011, wengi wao walifunga midomo.

Walau mwanzoni wangeweza kujitetea kwamba hakuna anayewauliza. Kwenye onyesho la kwanza watazamaji Marekani walikuwa milioni 2.2 tu. Ila tarehe 12 Juni 2011 ikaja sehemu ya 9 ya msimu wa 1, na mambo yakabadilika. Watazamaji wapya walipigwa na butwaa. Wengine waliapa hawaangalii tena. Wasomaji wa vitabu wakawa kama kaka mkubwa anayemwona mdogo wake akidondoka baiskeli kwa mara ya kwanza: wanacheka kidogo, wanampa pole, na kimoyomoyo wanasema, subiri, hujaona kitu.

MKATABA USIOANDIKWA

Hapo ndipo mashabiki wakajitengenezea sheria zao. Wale ambao hawajasoma vitabu wakapewa jina la jeshi moja lililomo ndani ya hadithi, jina lenye maana ya wasiochafuliwa. Halikuwa tusi. Wengi waliobeba jina hilo walijivunia kabisa: sijasoma, sitaki kusoma, msiniambie.

Tovuti ya A.V. Club ya Marekani ilifika mahali pa kuandika uchambuzi wa aina mbili kwa kila sehemu, mmoja wa waliosoma na mwingine wa wageni, ili makundi mawili yasikutane mlango mmoja. Kwenye mitandao maneno ya hatari yalifunikwa kwa wino mweusi, ukitaka kuyasoma unabonyeza mwenyewe, ukiumia usimlaumu mtu. Kulikuwa na nadharia moja kuhusu asili ya mhusika fulani ambayo mashabiki waliijadili tangu miaka ya 1990 kwa herufi tatu na alama ya kujumlisha, kama hesabu ya darasa la sita. Asiyejua akiiona anapita tu. Nadharia hiyo ilikuja kuthibitishwa kwenye televisheni mwaka 2016, karibu miaka 20 baadaye.

Siyo kwamba wote walikuwa malaika. Wamwaga ubuyu walikuwepo, na kitumbua cha mtu kuingia mchanga ilikuwa jambo la kila wiki. Ila ukiangalia video zile za 2013, unapata jibu. Yule mtu kwenye kochi asingepiga kelele vile kama rafiki yake angekuwa ameropoka hata mara moja tu.

KABLA YA HAPO

Wazo la kulinda mwisho wa hadithi halikuanza na mazimwi. Huko London kuna igizo la jukwaani linaitwa The Mousetrap, lilianza mwaka 1952, na kila onyesho likiisha watazamaji wanaombwa wasiende kumtaja muuaji mtaani. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alipotoa filamu yake ya Psycho, kumbi ziliambiwa zisimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza. Mwaka 1980 tamthilia ya Dallas iliacha Wamarekani wakijiuliza kwa miezi nani kampiga risasi bosi mmoja wa mafuta. Watengenezaji walirekodi waigizaji kadhaa tofauti wakifyatua risasi ili hata wafanyakazi wao wasijue jibu. Jibu lilipotoka Novemba mwaka huo, inakadiriwa Wamarekani milioni 83 walikuwa mbele ya TV.

Tofauti ipo hapa. Huko kote aliyelinda siri ni mwenye mali: ukumbi, mwongozaji, kampuni. Kwenye Game of Thrones kampuni haikuwa na cha kulinda, maana kitabu kilishatoka. Siri ilikuwa mikononi mwa mashabiki wenyewe.

SAA KUMI ALFAJIRI

Kwa walioko mbali na Marekani kulikuwa na vita nyingine, vita ya saa. HBO walirusha saa 3 usiku Jumapili kwa saa za New York. Uingereza hiyo ni saa 8 usiku wa manane. Dar na Nairobi ni saa 10 alfajiri ya Jumatatu.

Kwa hiyo shabiki wa huku alikuwa na njia mbili. Aamke alfajiri kama anakula daku, halafu aende kazini macho mekundu. Au alale, kisha ashinde Jumatatu nzima amezima data, hafungui status, hapiti Twitter, anakwepa meza ya chai ofisini, mpaka arudi nyumbani jioni. Kuna watu hawajawahi kuwa na nidhamu ya simu maishani mwao isipokuwa Jumatatu hizo.

KITABU KIKAISHA

Mwaka 2016 kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Kitabu cha tano kilitoka Julai 2011, cha sita kikawa hakijaja. Msimu wa 6 ulipoanza Aprili 2016, tamthilia ikavipita vitabu.

Fikiria nafasi ya yule mshika simu. Kwa miaka mitano yeye ndiye aliyekuwa anajua, ndiye aliyekuwa anawalinda wengine. Ghafla kasimama mstari mmoja na wenzake, hajui chochote. Mbaya zaidi, mwisho wa hadithi ambayo wengine waliisubiri tangu 1996 sasa ungeweza kumfikia kwanza kupitia mtu asiyewahi kushika kitabu hata kimoja. Baadhi ya wasomaji waliacha kuangalia kabisa, wakasema wanasubiri kitabu. Tamthilia ilifika mwisho mwaka 2019, kitabu cha sita kikiwa bado.

Na hapo ndipo waliokuwa hawana cha kulinda wakapata cha kulinda, na ndio waliovujisha.

Dalili zilishaonekana Aprili 2015, sehemu 4 za kwanza za msimu wa 5 zilipovuja mtandaoni kabla ya uzinduzi, kutokana na nakala zilizotumwa mapema kwa wakosoaji. Mwaka uliofuata HBO wakasitisha nakala hizo. Aliyepata ni mmoja aliyekuwa na cheo cha kuomba: rais wa Marekani wa wakati huo. Mwandishi mmoja wa habari akaandika ombi rasmi kwa serikali kwamba kama rais anazo, basi na wananchi wana haki ya kuziona. Hakupewa.

Mwaka 2017 ndio ulikuwa noma. Wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya HBO wakadai mamilioni ya dola kwa bitcoin, na Novemba waendesha mashtaka wa Marekani wakamfungulia kesi raia mmoja wa Iran. Sehemu ya 4 ya msimu wa 7 ilivuja India, watu wanne wakakamatwa. Sehemu ya 6 ikatoka siku kadhaa kabla ya wakati wake kwa makosa ya HBO wenyewe kule Hispania.

Hata polisi hawakuweza kujizuia. Muigizaji mmoja mkubwa wa tamthilia hiyo alisimulia kwenye TV kwamba alisimamishwa barabarani kwa mwendo kasi, na askari akampa chaguo: twende kituoni, au niambie kama mhusika wako yupo msimu ujao. Alijibu. Akaachiwa aende.

MWISHO NA BAADA YA MWISHO

Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 19 Mei 2019. Usiku huo waliangalia watu milioni 19.3 Marekani peke yake. Matokeo yake wengi mnayajua: zaidi ya watu milioni moja walisaini ombi mtandaoni kutaka msimu wa 8 urudiwe. Waliokuwa wamesoma stori nzima iliyovuja kabla walikuwa wameshakasirika wiki kadhaa mapema, wenzao walikasirika siku hiyo hiyo.

Hapo wapo wanaosema, sasa faida ya kunyamaza ilikuwa nini? Na wana hoja. Mwaka 2011, mwaka ule ule tamthilia ilipoanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walitoa utafiti uliotumia hadithi fupi 12. Waliona wasomaji walioambiwa mwisho kabla walizifurahia zaidi, siyo kidogo. Kwa mujibu wao, spoila haiui hadithi.

Inawezekana kabisa. Mshika simu wa 2013 mwenyewe ni ushahidi, kwa sababu alijua kila kitu na bado alikaa kuangalia. Ila hadithi unaweza kuirudia mara kumi, wakati kushtuka kwa mara ya kwanza kunakuja mara moja tu. Yeye kwake ilishapita, pengine peke yake kitandani usiku na kitabu mkononi, bila mtu wa kumwambia. Alichoweza ni kumwachia mwenzake apate ya kwake, halafu akae pembeni aone.

Tarehe 21 Agosti 2022 ikaanza House of the Dragon, inayotokana na kitabu kilichotoka 2018. Mchezo ukarudi vile vile: wapo waliosoma, wapo wasiotaka kuambiwa. Oktoba mwaka huo sehemu ya mwisho ya msimu wa 1 ikavuja siku chache kabla ya muda wake, na kwa mara nyingine iliponyoka mikononi mwa makampuni. Wasomaji wao walikuwa na kitabu kizima kwa karibu miaka minne, na watu wengi tu walifika mpaka sehemu ile wakiwa hawajui lolote.

Kwa hiyo kama kuna rafiki yako aliyewahi kuangalia na wewe kitu ambacho yeye alishakijua, akakuacha ushangae, ukapiga kelele, ukamrushia mto, na hakuwahi kukwambia chochote kabla, mshukuru. Haikuwa rahisi kwake.

Wewe uliyewahi kutiwa mchanga kwenye kitumbua, dondosha stori yako hapo chini. Ila bila spoila, kuna watu bado wako msimu wa 2.