Iain Macleod na Mkutano wa Karimjee, Machi 1961: Nani Aliyeamua Tarehe ya Uhuru wa Tanganyika?

Katika maandishi mengi kuhusu uhuru wa Tanganyika, Iain Macleod hupewa sentensi moja tu: Waziri wa Makoloni wa Uingereza aliyefika Dar es Salaam Machi 1961 na kutangaza tarehe. Sentensi hiyo si ya uongo. Hata hivyo, inaacha kando swali la msingi, yaani iwapo Waziri huyo alikuja kuamua, au alikuja kuidhinisha jambo lililokwisha kuamuliwa kwingine.

Macleod alizaliwa Skipton, Yorkshire, mwaka 1913, kwa wazazi wenye asili ya Uskoti. Alijeruhiwa vitani Ufaransa mwaka 1940, akaingia Bungeni mwaka 1950 kwa chama cha Conservative, kisha akawa Waziri wa Afya na baadaye Waziri wa Kazi. Wasifu huo hauna Afrika ndani yake, isipokuwa kwamba ndugu yake, Rhoderick, alikuwa mlowezi nchini Kenya.

Alikabidhiwa Wizara ya Makoloni Oktoba 1959, miezi michache baada ya wafungwa 11 kuuawa katika kambi ya Hola, Kenya, na hali ya hatari kutangazwa Nyasaland. Januari ya mwaka huohuo, mtangulizi wake, Lennox-Boyd, alikutana na magavana wa Afrika Mashariki huko Chequers, na mwaka uliofikiriwa kwa uhuru wa Tanganyika ulikuwa 1970. Kufikia Machi 1961, miaka tisa ilikuwa imefutwa.

Maelezo yaliyozoeleka huihusisha kasi hiyo na ujasiri wa Macleod. Ujasiri ulikuwepo, na ulimgharimu: Machi 1961 Lord Salisbury alimshambulia waziwazi katika Baraza la Malodi kwa sera yake ya Afrika. Lakini maelezo hayo yanaitazama Tanganyika kutoka London. Anayeitazama kutoka Kariakoo, zilipokuwa ofisi za TANU katika mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, huona mfuatano mwingine. Mwaka 1958, huko Tabora, TANU iliamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, pamoja na kasoro zake, ikashinda. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 ilipata viti 70 kati ya 71. Gavana Richard Turnbull, aliyetoka kufanya kazi Kenya wakati wa Mau Mau, alikwisha kutambua kwamba kuichelewesha TANU kungeweza kuzaa machafuko yenye sura ya Mau Mau na ya Maji Maji kwa pamoja, na kwamba serikali yake haikuwa na nguvu za kuyakabili. Macleod mwenyewe baadaye alitetea sera yake kwa hoja hiyohiyo ya kuepusha umwagaji damu. Hivyo basi, kasi yake ilikuwa ujasiri ndani ya chama chake. Mbele ya TANU ilikuwa hesabu.

Mahali pa mkutano panaiunga mkono hoja hii. Wajumbe wa Kenya na Uganda waliitwa Lancaster House, London. Kwa Tanganyika, ni Waziri aliyesafiri. Mkutano ulifanyika katika Ukumbi wa Karimjee, Kivukoni, tarehe 27 hadi 29 Machi, na siku tatu zilitosha: serikali ya ndani tarehe 1 Mei, uhuru tarehe 28 Desemba, siku iliyosogezwa baadaye hadi tarehe 9. Ugumu halisi ulijitokeza baadaye, katika mazungumzo ya fedha: nani angelipa fidia za maafisa wa Kiingereza, na Uingereza ingechangia kiasi gani katika maendeleo. Hapo ndipo London ilipobana mkono, na hapo kura za TANU hazikuwa na uzito uleule. Ni jambo la kushangaza kwamba watafiti wameizungumzia sana tarehe, na hesabu hizo kidogo.

Macleod hakuwa tena Waziri wa Makoloni bendera ya Uingereza iliposhushwa. Oktoba 1961 alihamishiwa uongozi wa chama na wa Bunge, nafasi yake ikachukuliwa na Reginald Maudling. Alifariki tarehe 20 Julai 1970, mwezi mmoja baada ya kuteuliwa Waziri wa Fedha, katika mwaka uleule ambao Chequers iliukadiria kuwa wa uhuru wa Tanganyika.