Homa ya Emily

Sisi watu wa maabara historia ya tiba ya seli za kinga zilizobadilishwa tunaianzia kwenye kipimo kimoja cha damu, Philadelphia, 2012. Emily Whitehead, miaka 6, mgonjwa wa saratani ya damu, alikuwa amerudishiwa seli zake za kinga zilizobadilishwa vinasaba. Homa ikapanda, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Kipimo kikaonyesha protini ya IL-6 imezidi mno. Carl June, mtafiti wa tiba hiyo, aliijua dawa ya kuizuia, tosilizumabu, kwa kuwa binti yake aliugua baridi yabisi. Bahati tupu! Emily akapewa, akapona.

Marekani iliidhinisha tiba hiyo 2017, bei yake wakati huo ikiwa dola 475,000. Hapa kwetu nani anazo? Hata hivyo mimi naangalia Erlangen, Ujerumani: 2022 wagonjwa 5 wa lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, waliotibiwa kwa seli kama hizo waliripotiwa kuacha dawa zao za lupasi.