Mbao za Rangi Mbili: Historia Fupi ya Useremala Katika Nchi Yetu



Baada ya hesabu za fedha, twaona yafaa kuweka hapa maneno machache juu ya kazi moja ya mikono, yaani kuchagua mbao za rangi na nyuzi mbalimbali na kuziunga ziwe pambo la meza au kabati. Wako waionao kuwa kazi ya mtu asiyesoma. Sisi twaiona kuwa elimu, nayo ina historia yake.

Wazee wetu wa Nyanza hawakuunga mbao. Kiti cha mzee kilichongwa katika gogo moja, miguu na kikalio pamoja, na uzuri wake ulikuwa umbo lake na mng'ao wa kukaliwa miaka mingi. Pwani mambo yalikuwa mengine. Mafundi wa Lamu na miji mingine ya Waswahili walifanya kiti cha enzi kwa mti mweusi kama mpingo, wakakitia njumu ya pembe ya ndovu au mfupa. Walijua kwamba weupe huonekana vema ukikaa juu ya weusi.

Kwetu elimu ya kuunga mbao ilikuja kwa njia mbili. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na pamoja na reli walikuja maseremala wa Kihindi, wengi wao Makalasinga. Kisha mwaka 1906 wamisionari wa CMS walianzisha shule ya Maseno, ambako vijana walifundishwa kusoma na useremala pia. Mwaka 1908 wanafunzi wakagoma, wakisema kwamba walikuja kutafuta kitabu, si kazi za mikono. Hatuwalaumu, kwa maana kalamu ndiyo iliyofungua mlango wa mshahara na heshima. Lakini hasara moja ilibaki: kijana aliyeshika randa alihesabiwa kuwa ameshindwa na kitabu.

Na tuipime hukumu hiyo. Mvule ukipasuliwa leo huwa wa manjano, lakini hewa na mwanga huugeuza kuwa kahawia. Siala ni mti wa rangi hafifu. Fundi akiweka mvule mpya kando ya siala, mnunuzi haoni tofauti kubwa. Miaka ikipita, tofauti hujitokeza yenyewe. Kwa hiyo fundi mwema hachagui rangi ya siku ya msumeno, bali rangi itakayokuwapo watoto wa mwenye meza watakapokuwa wakubwa. Ober nao una moyo wa kahawia iliyoiva na weupe upande wa nje, hata gogo moja laweza kutoa rangi zote mbili. Lakini weupe ule huliwa upesi na wadudu, na asiyejua huuza pambo litakalogeuka unga.

Tena mbao hutanuka na kunywea kwa upana wa nyuzi zake, wala si kwa urefu. Ukigundisha kipande kwa kukingamisha nyuzi juu ya ubao mpana, kiangazi kitaupasua. Na mbao mbili zisipokauka sawasawa, kiungo hufunguka. Kwa milango ya kabati, fundi hupasua ubao mmoja katikati na kuufunua kama kitabu, ili michoro ya nyuzi itazamane. Kazi hii yataka kumbukumbu, vipimo, na kuona mbele. Je, huyu ameshindwa na kitabu? Amesoma kitabu kingine.

Hatari iliyopo ni hii: mvule mkubwa unazidi kuwa adimu, na mti huo hauwi mbao ila baada ya miaka mingi sana. Mti ukitoweka, elimu ya kuuchagua hutoweka pamoja nao. Waliotutangulia waliliona jambo la miti. Chama cha Kavirondo Taxpayers Welfare Association, kilichoanza mwaka 1923, kiliwahimiza wanachama wake kupanda miti, kama kilivyowahimiza kuchimba vyoo na kuua panya.

Basi twawasihi wanachama wa Otonglo mambo mawili. Kila boma lipande mvule na siala, ingawa apandaye huenda asipasue. Na mzazi ambaye mtoto wake apenda randa asione haya kumpeleka kwa fundi, kwani kalamu na randa zote mbili zataka mkono uliofundishwa.